Flamenko laivu Hispania: tablao, ukumbi mdogo, pango la Granada au penya ya Jerez, wewe uende wapi?

Kama unapita Hispania na una usiku mmoja au miwili tu ya kuangalia flamenko, usianze kuuliza mji gani mzuri, uliza utakaa umbali gani na yule anayeimba. Nasema anayeimba, sio anayecheza. Wengi wetu tukisikia flamenko inatujia picha ya gauni la madoadoa na viatu vinagonga sakafu, na ni kweli vipo, ila watu wa Andalucía, jimbo la kusini mwa Hispania, wenyewe wakianza kuizungumzia wanaanza na uimbaji, halafu gitaa, halafu ndo uchezaji. Sasa sauti ya mwimbaji wa flamenko ukiisikia bila spika, umekaa hatua nne tu kutoka alipo, unaona mishipa ya shingo inavyosimama na kiganja kinavyofunguka pole pole wakati anavuta mstari mmoja mpaka pumzi inamwishia, hicho ni kitu kingine kabisa na kile utakachosikia kwenye spika ukiwa meza ya nyuma unakata nyama. Kwa hiyo hapa nalinganisha kwa kipimo hicho kwanza, ukaribu. Bei, muda na usumbufu wa usafiri vinafuata nyuma yake.

Sehemu za kwenda ziko za aina nne ukiacha baa na barabarani: tablao, ukumbi mdogo wa viti, mapango ya Granada, na penya, yaani klabu ya wanachama wapenda flamenko. Matangazo ya zote yatakwambia hapa ndo penye flamenko ya kweli, na mi nakuomba hilo uliache pembeni, halikusaidii kuchagua chochote. Wasanii wengi wanazunguka kote, leo yupo tablao Sevilla, wiki ijayo yupo kwenye penya ya kijijini kwao, mwezi ujao yupo Japani anafundisha. Kinachobadilika ni chumba, na nani amekaa kwenye viti.

Tablao

Hii ndo utakayokutana nayo kwanza kwenye simu ukitafuta. Ni ukumbi wenye steji ya mbao, meza na viti, shoo kila usiku, mara nyingi mbili au zaidi kwa usiku mmoja, na kikundi cha watu kama watano mpaka wanane. Asili yake ni zile baa za kahawa za kuimbia za karne ya 19, mwimbaji Silverio Franconetti alikuwa na ya kwake maarufu pale Sevilla, zikaja zikafifia mwanzoni mwa karne ya 20, halafu miaka ya 1950 watalii walipoanza kumiminika Hispania zikarudi kwa sura hii ya tablao. Corral de la Morería ya Madrid ilifunguliwa 1956 na mpaka leo ipo, karibu na ikulu ya mfalme, na mgahawa wake una nyota ya Michelin. Torres Bermejas, hukohuko Madrid, ilianza 1960 na mwimbaji mashuhuri Camarón de la Isla aliimba pale miaka mingi akiwa kijana. Sevilla kuna Los Gallos tangu 1966, iko kwenye uwanja mdogo wa Santa Cruz, na El Arenal tangu 1975.

Kuna watu watakwambia tablao ni za watalii tu, achana nazo. Sikubaliani nao. Hizi sehemu ndo zimekuwa shule na ajira ya wasanii kwa zaidi ya nusu karne, waimbaji na wachezaji wa Andalucía walihamia Madrid kwa sababu ya mshahara wa tablao, na kijana anayecheza kila usiku, shoo mbili, na mwimbaji tofauti kila wiki, anaiva kwa namna ambayo darasani haivi. Kiwango cha uchezaji kwenye tablao nzuri za Madrid ni cha juu sana, pengine ndo cha juu kuliko kote kwenye huu ulinganisho.

Tatizo langu na tablao ni meza. Ukinunua tiketi ya chakula unakuwa na sahani mbele, wahudumu wanapita, vijiko vinagonga, jirani anaomba chumvi, na mwimbaji kaanza mstari wa kwanza wa seguiriya ambao ni wimbo wa msiba kabisa. Pia kwenye nyingi ya hizi wanatumia maiki, kwa sababu ukumbi ni mkubwa kidogo na kuna kelele za sahani, kwa hiyo sauti inakufikia kutoka kwenye spika ya pembeni na sio kutoka kwenye kifua cha mtu. Bei ya shoo na kinywaji kimoja kwa tablao nyingi ni kama yuro 35 hadi 50, ukiongeza chakula inakaribia 100 na kwenye zile za juu inapita hapo. Wanaokula chakula mara nyingi ndo wanaopewa meza za mbele, hilo lijue kabla hujalipia tiketi ya kinywaji ukitegemea kukaa karibu. Na kwa asiyetumia pombe, kinywaji cha kwenye tiketi sio lazima kiwe mvinyo, sema maji au juisi au soda wanakuletea bila maneno.

Kwa hiyo tablao naipendekeza kwa mtu aliyefika Madrid, labda amekuja kwa ajili ya mechi, na hatashuka kusini. Kula kwanza sehemu nyingine, chukua tiketi ya shoo tu, na kama kuna shoo mbili chukua ya mwisho. Mi naamini ya mwisho inakuwa na moto zaidi, wasanii wameshachemka na hakuna anayeangalia saa kwamba kundi lingine linasubiri mlangoni.

Barcelona pia zipo, Tarantos pale Plaça Reial ipo tangu 1963 na shoo zake ni fupi, hazifiki saa nzima, Tablao Cordobés pale La Rambla ipo tangu 1970. Na Carmen Amaya, mmoja wa wachezaji wakubwa kuwahi kutokea, alizaliwa Barcelona, kwa hiyo usimsikilize anayekwambia kule flamenko imeletwa juzi. Ila kama ratiba yako inakuruhusu kwenda kusini, nenda kusini.

Ukumbi mdogo wa viti, hasa Sevilla

Hapa ndo ningempeleka mtu wa mara ya kwanza, bila kusita. Hizi ni nyumba za zamani za Sevilla zenye ua wa ndani, wameweka steji ndogo ya mbao katikati au ukutani na viti vya kawaida vimeizunguka pande mbili au tatu, safu chache tu. Hakuna meza, hakuna chakula, taa ikizima watu wananyamaza. Casa de la Memoria kwenye mtaa wa Cuna ni mfano mzuri, na Museo del Baile Flamenco iliyoanzishwa na mchezaji Cristina Hoyos, ilifunguliwa 2006, ina shoo ya jioni na mchana unaweza kuzunguka makumbusho yenyewe. Bei inaanzia kwenye yuro 20 na kitu, kidogo juu ya hapo, kwa saa moja hivi ya shoo. Wasanii ni wachache, wanne mara nyingi, gitaa moja, mwimbaji, mchezaji wa kike na wa kiume. Na sehemu nyingi za namna hii hawatumii maiki kabisa.

Nikueleze soleá moja, aina ya wimbo mzito wa taratibu, inavyokwenda ukiwa safu ya mbele ili ujue unalipia nini. Gitaa linaanza peke yake, taratibu. Mwimbaji yuko kwenye kiti pembeni, anapiga makofi ya chini chini, viganja amevibonyeza katikati ili mlio uwe mzito usimfunike mwenzie, halafu anaanza na ay moja ndefu ya kupasha koo, na kwa kweli mtu mwenye sikio anajua hapohapo kama usiku utakuwa mzuri. Anaimba mistari mitatu au minne, basi. Muda huo mchezaji hafanyi mengi, anatembea tu, mikono inapanda, vidole vinazunguka, anasikiliza. Mwimbaji akifunga mstari ndo mchezaji anajibu kwa miguu, kishindo kifupi kikali, ile ni ishara, wanaiita llamada, anawaambia wenzake nafunga hapa mniitikie. Baadaye inakuja sehemu ya miguu mitupu, gitaa linashuka linabaki kushika mapigo tu, anaanza pole pole unahesabu kila kisigino, halafu anaongeza, anaongeza, mpaka mtetemo wa mbao unakufikia kwenye kiti, jasho linaruka mpaka safu ya kwanza na sitanii, na ukimwangalia mpiga gitaa wakati huo haangalii nyuzi zake hata kidogo, macho yote yako kwenye miguu ya yule dada. Mwishoni wanaingia kwenye buleria, hesabu ni ileile ila imekimbizwa, na shoo inafungwa hapo.

Hesabu yenyewe ni mapigo 12 na mkazo unaanguka kwenye 3, 6, 8, 10 na 12. Jizoeze kidogo hotelini kwa kugonga meza kabla ya kwenda, hata ukishika nusu tu utaona mambo ambayo jirani yako haoni, utaona pale mchezaji anapochelewesha makusudi halafu anatua sawasawa kwenye 10 na wenzake wote wanapiga ole, sauti ya kumshangilia, kwa pamoja. Mara nyingi hawa watu hawajafanya mazoezi pamoja siku hiyo, mpangilio wa nyimbo uko kichwani kwa kila mmoja na ishara ndo zinawaongoza, ndo maana macho yao hayatulii. Hili ukiwa meza ya nyuma kwenye tablao kubwa hulioni kabisa, na kwangu mimi ndo raha yenyewe.

Ubaya upo. Viti ni vya kubanana, na kwa sehemu nyingi anayefika mwanzo ndo anachagua, kwa hiyo fika nusu saa au dakika arobaini kabla. Ua za zamani zina nguzo, usikubali kukaa nyuma ya nguzo ati kwa sababu ni safu ya pili, bora safu ya nne pembeni unapoona miguu. Na saa moja inaisha haraka, hakuna kuongezewa, kundi lingine liko nje. Pia picha na video zinakatazwa muda wote isipokuwa dakika za mwisho kabisa ambapo wanakwambia sasa ruksa, na mi naona ni utaratibu mzuri sana, mwanga wa simu kwenye chumba kidogo kile unaharibu kwa wote.

Mapango ya Sacromonte, Granada

Hapa wengi wanavutiwa na picha, na picha hazidanganyi, ni pazuri. Sacromonte ni mlima unaotazamana na Alhambra, ile ngome na kasri ya Waislamu, wakazi wake wa Kigitano, yaani Waroma wa Hispania, walichimba nyumba ndani ya mlima, ndani kumepakwa chokaa nyeupe na ukutani kumening'inia masufuria na vyombo vya shaba. Ukumbi ni mrefu na mwembamba, viti vimepangwa kufuata kuta mbili, na wachezaji wanapita katikati kwenye ule ujia, yaani gauni linakupitia magotini. Kwa ukaribu wa mwili hakuna sehemu inayoishinda hii.

Kinachochezwa kule kina jina lake, zambra, na kina mizizi kwenye ngoma za harusi za Wagitano wa Granada, kuna tatu za asili, alboreá, cachucha na mosca, na sehemu kama Cueva de la Rocío au María la Canastera bado wanazigusa. Kwa hiyo ukienda pale sio kwamba unaangalia flamenko ya Sevilla iliyohamishiwa pangoni, ni tawi lake. Ni vizuri pia kujua kwamba mvua kubwa na mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliwaondoa wakazi wengi mapangoni, familia zikahamishiwa mitaa mingine ya mji, na mapango mengi unayoyaona leo yamerudishwa kwa ajili ya shoo. Wanaoimba na kucheza bado wengi ni wa koo zilezile za mlimani, na hilo linasikika.

Ila kwa mtu wa usiku mmoja naiweka ya tatu, na sababu zangu ni hizi. Kwanza ule ujia mrefu, mchezaji akienda upande wa pili unabaki unaangalia mgongo, na mwimbaji amekaa mwisho wa pango, kama kiti chako kiko karibu na mlango umemkosa yule niliyekwambia ndo wa kwanza. Pili ni idadi ya watu, mapango mengi yanauza tiketi kupitia mahoteli na mabasi, unachukuliwa hotelini, unapitishwa mtaa wa zamani wa Albaicín kuona taa za Alhambra, unashushwa, unapewa kinywaji, shoo, unarudishwa, na pango linajaa mpaka hewa inakuwa nzito. Mwenye shida ya pumzi au asiyependa kufungiwa asijilazimishe. Tatu ni usafiri, ukienda mwenyewe kuna basi dogo la C34 linapanda Sacromonte, ila usiku mkubwa panga taksi kabla, kushuka kwa miguu ni mawe na kona nyingi. Bei inacheza kwenye yuro 25 hadi 35 na kinywaji, na kubebwa na gari wanaongeza.

Ukiwa Granada na hutaki pango, iko La Platería huko Albaicín, ni penya ya mwaka 1949 na inahesabiwa kuwa ya zamani kuliko zote, na baadhi ya usiku wanafungua kwa wageni. Mi hapo ningepaangalia kabla ya pango. Granada ina heshima yake kwenye uimbaji, ndiko mtunzi wa muziki Manuel de Falla na mshairi Federico García Lorca walikoandaa mashindano ya cante jondo, yaani uimbaji mzito wa kale, mwaka 1922, ndani ya Alhambra kwenyewe, wakihofia uimbaji wa zamani unapotea.

Penya, na kwa nini nasema Jerez

Sasa hapa ndo roho yangu ilipo, na ndo sehemu ngumu kupendekeza kwa mtu mwenye haraka. Penya ni klabu ya wanachama, watu wa mtaa wanaopenda flamenko wanachanga wanakodi nyumba, wanaweka baa ndogo, kuta zinajaa picha za waimbaji waliokufa, na mara moja moja, Ijumaa au Jumamosi, wanaita mwimbaji na mpiga gitaa. Viti viwili tu mbele. Mara nyingi hakuna mchezaji kabisa. Kiingilio ni kidogo sana au hakuna, unanunua tu kinywaji na kipande cha kitafunwa. Inaandikwa itaanza saa tatu na nusu usiku, inaanza saa nne na robo, na hakuna anayenung'unika.

Tofauti kubwa ni waliokaa. Kwenye tablao wewe na wenzio mmelipa mkaja kushangaa, kwenye penya nusu ya watu wanaweza kuimba wenyewe, na mwimbaji anajua kuna mzee safu ya tatu anaijua hiyo soleá toka alipokuwa mtoto, hawezi kumdanganya. Nyumbani kwenye taarab mtu akiguswa na ubeti anainuka anakwenda kutuza, huku hainuki mtu, anatoa ole moja ya chini kutoka kifuani, mahali sahihi kabisa, na mwimbaji anaisikia na mstari unaofuata unabadilika. Ile ole ya wakati wake ndo tuzo. Ukikaa katikati ya watu wa namna hii unajifunza kusikiliza kwa usiku mmoja kuliko ambavyo ningeweza kukuandikia hapa.

Jerez de la Frontera ni mji wa kwenda kwa hili, uko saa moja na kitu kwa treni kutoka Sevilla. Mitaa yake miwili, Santiago na San Miguel, imetoa koo nzima nzima za waimbaji, La Paquera na Lola Flores wote ni wa San Miguel, na buleria ni yao, wanaipiga nzito na nyuma kidogo ya mdundo. Kuna penya nyingi kwenye mji usio mkubwa, Los Cernícalos, La Bulería, Tío José de Paula, na kwa sababu zote hazifungui kila siku, cha kufanya ni kuangalia kurasa zao kwenye mtandao wiki hiyohiyo, au ufike mjini uulize ofisi ya utalii, au muulize mwenye baa, kule kila mtu anajua nani anaimba Ijumaa.

Na kama hakuna penya usiku huo, Jerez ina tabanko, vilabu vya zamani vya mvinyo wa sherry unaotolewa moja kwa moja kwenye mapipa. Tabanco El Pasaje ipo tangu 1925 na kuna uimbaji karibu kila siku, huhitaji tiketi, unaagiza unakaa. Ni kelele kidogo na hapafanani na penya kwa ukimya, lakini mwimbaji anaweza kuwa kasimama hatua mbili kutoka kwenye meza yako. Asiyetumia pombe aagize soda, na awe makini na kitu kinaitwa mosto, sehemu nyingine za Hispania hiyo ni juisi ya zabibu ila Jerez ni mvinyo mchanga wa msimu.

Kuna vipindi viwili Jerez inafurika. Mwishoni mwa Februari kuingia Machi ni Festival de Jerez, ipo tangu 1997, shoo kubwa ziko Teatro Villamarta na wakati huo penya nyingi zinafungua usiku wa manane kwa ajili ya wageni, kwa hiyo ndo kipindi kizuri kuliko vyote kwa mgeni kuingia penya, shida ni vyumba, vinajaa miezi kabla. Halafu Desemba kuna zambomba, majirani wanakusanyika uani na mitaani kuzunguka moto wanaimba nyimbo za Krismasi kwa mdundo wa buleria, za mitaani ni bure na zinaanza mchana. Julai na Agosti usihangaike, joto ni kali na penya nyingi zimepumzika.

Ukishafika Jerez, Cádiz iko karibu, treni haifiki saa nzima. Penya ya La Perla inatazama bahari, na kule wimbo wao ni alegrías, mwepesi, wa furaha, una chumvi ya bahari ndani yake. Na hata Sevilla yenyewe ina penya, Torres Macarena ndo inayojulikana zaidi, kama huna muda wa kwenda Jerez angalia ratiba yao kabla hujanunua tiketi nyingine yoyote.

Ya bure

Pale Plaza de España Sevilla mchana utawakuta wanacheza chini ya matao, toa sarafu, usipige video ukaondoka. La Carbonería, baa ya zamani Sevilla, haina kiingilio na wanapiga usiku, ila ni gumzo tupu na watu wengi wamegeuza mgongo. Kwa kuonja tu inatosha, ila isiwe ndo usiku wako pekee.

Uchague vipi sasa

Mara ya kwanza, usiku mmoja, uko Sevilla: ukumbi mdogo usio na maiki, fika mapema, shoo ya mwisho. Sina la kuongeza hapo.

Uko Madrid tu: tablao, bila chakula, na kabla ya kulipa waandikie uwaulize tiketi yako inakaa safu gani na kama wanatumia maiki. Watakujibu, na jibu lao litakusaidia kuliko nyota za wateja.

Unayo siku tatu au nne Andalucía na unapenda muziki kuliko ngoma: siku ya kwanza ukumbi mdogo Sevilla ili sikio lifunguke, halafu Jerez Ijumaa na Jumamosi. Huu mpangilio nauamini sana, maana ukianza na penya bila kuwahi kusikia soleá hata moja utaona ni watu wawili kwenye viti wanalia kwa saa mbili, na itakuwa hasara, wakati ukishaonyeshwa mara moja muundo wake na kucheza kukiwemo, ule uimbaji mtupu unakushika.

Uko na wazazi au mtu ambaye hawezi kukaa mpaka saa saba usiku: ukumbi mdogo, shoo ya saa moja jioni, kiti chenye egemeo. Uko na watoto wadogo, angalia masharti ya umri kwenye tiketi, kumbi nyingi ndogo zina kikomo kwa sababu ya ukimya. Penya na zambomba kwa watoto hazina shida, watoto wa mtaa wenyewe wanakuwepo wanapiga makofi kwa usahihi unaokushangaza.

Unataka Granada kwa sababu unakwenda Alhambra, na watu wetu wengi wanaenda kwa ajili ya historia ya Waislamu waliotawala pale mpaka 1492, basi nenda pango, ila omba kiti cha upande wa ndani karibu na gitaa, sio cha mlangoni.

Ukienda Septemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili Sevilla kuna Bienal, tamasha kubwa la flamenko, tangu 1980, mji mzima unakuwa flamenko na majina makubwa yote yapo, lakini shoo nyingi ni za ukumbi mkubwa, kwa hiyo kwa ukaribu tunaouzungumzia hapa isikuvute peke yake, tafuta zile za kumbi ndogo na penya zinazofanyika pembeni yake.

Na popote utakapokaa, usipige makofi kufuatisha mdundo. Makofi kwenye flamenko ni ala kamili, kuna ya viganja vilivyobonyea kwa ajili ya mwimbaji na ya makali kwa ajili ya miguu, na ukumbi wa watu hamsini wakipiga kila mtu na hesabu yake wanamtoa mchezaji kwenye 12 zake, nimeona mpiga gitaa anainua uso kuomba kwa macho watu waache. Subiri wimbo ufungwe ndo upige kwa nguvu zako zote. Ole ikikutoka katikati iache itoke, hata ukikosea wakati kidogo watakuelewa, wanajua umesikia kitu.